Cheche Zisizo na Sababu

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikiandika juu ya katiba, bajeti na hali ya vyuo vyetu. Leo naomba uvumilivu wao, kwa kuwa nataka kuandika juu ya jambo ambalo wengi wataliona ni la kitoto: namna watunga programu za kompyuta wanavyojitahidi kuionyesha treni ya umeme kwenye skrini hadi ionekane kuwa ya kweli. Nimelifuatilia jambo hili kwa miaka kadhaa, jioni, baada ya kumaliza kusahihisha kazi za wanafunzi. Naamini lina funzo kwa kila anayefanya kazi ya umma, na kwa kila anayedai haki ya kuielewa kazi hiyo.

Programu ninazozisema huitwa simuleta za treni. Mtu hukaa mbele ya kompyuta, akashika mpini wa nguvu na mpini wa breki, akafuata ishara za njiani na ratiba, kana kwamba ni dereva. Mwaka 2001 kampuni ya Microsoft ilitoa Train Simulator, iliyotengenezwa Uingereza na kampuni ya Kuju, na mwaka huo huo Auran ya Australia ikatoa Trainz. Baadaye zikaja nyingine, zikiwemo Train Simulator Classic na Train Sim World za Dovetail Games. Ipo pia Open Rails, inayotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure, ambayo husoma njia na vichwa vya treni vilivyotungwa kwa ajili ya ile ya Microsoft. Kwa mhadhiri mwenye kompyuta ya zamani, Open Rails ni neema.

Lugha yetu iliipa treni jina la moshi wake. Tulisema gari la moshi, kisha garimoshi, kwa sababu moshi ndio uliotangulia kuonekana kabla ya chuma chenyewe kufika. Jina hilo lilibaki hata injini za mvuke zilipoondoka na kuja za dizeli, maana dizeli nayo ina moshi wake. Lakini mwaka 2024, treni za reli ya kisasa zilipoanza safari za abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni na hadi Dodoma mwezi Julai, jina hilo liligota. Watu wakasema treni ya umeme, au SGR, na seti zilizochongoka pua zilipoingia njiani baadaye mwaka huo, wakaziita mchongoko. Moshi haukuwapo tena wa kutoa jina.

Tatizo hilo hilo linamkabili mtunga programu. Anayetunga injini ya mvuke ana utajiri wa vitu vya kuonyesha: moshi mweusi moto unapochochewa, mvuke mweupe ubavuni, mikono ya chuma inayozungusha magurudumu, mwanga wa tanuri usoni mwa dereva. Anayetunga dizeli ana moshi unaokoza rangi injini inapoongezewa mzigo. Kwa vyote viwili, kazi inaonekana kwa macho. Kichwa cha treni cha umeme ni sanduku lililofungwa. Kinaweza kuvuta mabehewa mengi kupanda mlima bila kutoa dalili yoyote nje, isipokuwa mngurumo wa mafeni. Mtu akiambiwa akifanye kionekane cha kweli, aonyeshe nini?

Jibu la haraka ni cheche. Juu ya kichwa cha treni ya umeme kuna mkono wa chuma unaokunjuka, uitwao pantografu, wenye kipande cha kaboni kinachosugua waya wa shaba uliotandazwa juu ya reli. Mgusano ukikatika, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, umeme huruka katika hewa na kutoa mwako wa samawati, wakati mwingine wenye ukijani kwa sababu ya shaba. Kwa hiyo watunga programu wengi wa mwanzo, na wengine mpaka leo, hubandika cheche juu ya paa na kuiamuru imulike kila baada ya sekunde kadhaa. Asubuhi na usiku, jua na mvua, treni ikienda kasi au polepole, cheche ni ile ile. Mtazamaji anayeiona mara ya kwanza hufurahi. Akiiona kwa nusu saa, huanza kuhisi kuna kitu hakiendi sawa, hata kama hawezi kukitaja.

Kinachokosekana ni sababu. Cheche ya kweli haitokei ovyo. Hutokea pale waya unapokuwa na kipande kigumu kinachoirusha pantografu. Hutokea kwenye makutano ya njia, waya mmoja unapompokea mwenzake. Hutokea kasi inapozidi na waya kuanza kuyumba kama kamba ya kuanikia nguo. Katika nchi za baridi hutokea zaidi alfajiri, jalidi inapoufunika waya kama ngozi na kuuzuia kugusana vizuri na kaboni. Waliosafiri Ulaya majira ya baridi wanaijua hali hiyo: treni inapita gizani na mwanga wa samawati unamulika kuta, miti na theluji kwa umbali mrefu. Mtunga programu aliye makini huifunga cheche yake na hali ya hewa, na mwendo, na nguvu ambayo dereva anaidai kwa wakati huo. Hakuna nguvu inayovutwa, hakuna mwako mkubwa. Tena huhakikisha kwamba mwako huo unatoa mwanga juu ya vitu vilivyo jirani, kwa kuwa cheche isiyomulika paa lililo chini yake ni picha iliyogandishwa tu.

Jambo hili hufanyika kwa njia ya kawaida kabisa. Katika Train Simulator Classic, sehemu ndogo inayotoa chembe za moshi wa dizeli ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutoa chembe za mwanga wa cheche. Tofauti huletwa na maandishi ya programu yanayoiambia itoe lini na kwa kiasi gani. Maandishi hayo huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Lua, iliyobuniwa mwaka 1993 katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, Brazili, na ambayo jina lake ni mwezi kwa Kireno. Huwa nawakumbusha wanafunzi wangu habari hii, kwa kuwa wapo wanaoamini kwamba zana zote za kompyuta hubuniwa kaskazini mwa dunia na sisi wa kusini kazi yetu ni kuzinunua.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa mahali ambapo hakuna cha kuonyesha. Reli nyingi za umeme, ikiwemo ya kwetu, hutumia umeme wa msongo wa kilovoti 25, unaoingizwa kwenye waya na vituo vya kupoza umeme vilivyopangwa kando ya njia. Umeme wa kituo kimoja haupaswi kukutanishwa hivi hivi na umeme wa kituo kinachofuata, kwa kuwa mawimbi yao huenda hayaendi sambamba. Kwa hiyo baina yao huwekwa kipande kifupi cha waya kisicho na umeme. Kabla ya kufika hapo nguvu hupunguzwa na swichi kuu ya kichwa cha treni hufunguliwa. Treni hupita kwa msukumo wake yenyewe, mafeni yakilegea, sindano ya msongo ikiwa sifuri, kisha swichi hufungwa na kila kitu hurudi. Asiyejua hataona lolote. Mtunga programu asiyejua hataweka lolote. Anayejua ataweka bango dogo njiani, ataishusha sindano, atazima taa moja kwenye meza ya dereva na kuiwasha tena. Na dereva wa simuleta akisahau kupunguza nguvu, hapo ndipo ataona mwako mkubwa juu ya paa, akajua ameleta madhara. Cheche hiyo moja, yenye sababu, ina uzito kuliko cheche 100 za mapambo.

Yapo mengine ya namna hiyo. Waya wa juu haukunyooka katikati ya reli. Huvutwa kidogo kushoto, kisha kidogo kulia, kutoka nguzo hadi nguzo, ili kaboni ilike sawasawa badala ya kuchimbika mahali pamoja. Katika simuleta iliyotungwa vizuri, ukiitazama pantografu kwa karibu utaona waya ukitembea juu yake kwenda na kurudi. Paa la kichwa cha treni hutiwa weusi wa vumbi la kaboni, na sehemu za chini hupata ukahawia wa vumbi la chuma litokalo kwenye breki. Kichwa kinachong'aa kote kama siku kilipotoka kiwandani kina dalili moja tu, kwamba hakijafanya kazi.

Wajerumani wana simuleta iitwayo Zusi, jina lililofupishwa kutoka neno lao la simuleta ya treni. Picha zake ni za kawaida kuliko za washindani wake wa kibiashara. Lakini imejijengea heshima kwa wanaoijua reli kwa sababu ya usahihi wa breki zake, ishara zake na mifumo yake ya usalama. Naitaja ili msomaji asidhani kwamba uhalisia maana yake ni kung'ara kwa picha. Uhalisia ni uhusiano wa kile kionekanacho na kile kinachokisababisha. Uhusiano huo ukiwa sahihi, picha ya kawaida hutosha. Ukiwa wa uongo, picha nzuri huongeza uongo.

Hapa ndipo nimlete mwanafunzi mmoja wa uhandisi, ambaye jina lake nitalihifadhi. Aliposikia kwamba mwalimu wa sayansi ya jamii ana simuleta za treni nyumbani, alikuja ofisini kwangu na kompyuta yake mgongoni. Alikuwa anajaribu kuitunga njia ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kwa Open Rails, peke yake. Alikuwa amefika Soga. Stesheni ya Pugu ilikuwa imesimama, mikorosho ilikuwapo, hata rangi ya udongo ilikuwa yenyewe. Lakini paa la kichwa chake cha treni halikuwa na cheche yoyote. Nikamwuliza kwa nini, maana kuziweka ni kazi ya dakika chache.

"Mwalimu, sijui zinatokea wapi," alisema. "Nikiziweka ninapotaka mimi, abiria aliyewahi kupanda treni hii atajua nimedanganya."

"Na asiyewahi kupanda?"

"Huyo ndiye nitakuwa nimemdanganya zaidi."

Alikuwa amekwenda kwenye ofisi moja ya umma kuomba mambo machache: umbali wa nguzo hadi nguzo, kimo cha waya, na mahali vilipo vipande visivyo na umeme. Aliambiwa aandike barua kupitia chuo. Akaandika. Aliporudi mara ya tatu, mzee mmoja wa mapokezi alimwita pembeni, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hizi ni nyaraka za kitaalamu. Na wewe unatengeneza gemu." Barua haikujibiwa.

Kwa hiyo alifanya kazi kwa njia nyingine. Kwao ni Dodoma, naye husafiri kwa treni hiyo likizo zinapoanza na kwisha. Alikaa dirishani na simu inayoonyesha mwendo, akahesabu nguzo kwa saa, akapiga hesabu ya umbali. Alisikiliza viyoyozi vya behewa. Kila viliponyamaza kwa sekunde chache na kurejea, aliandika mahali. Safari ya pili alisikiliza tena, na ya tatu tena. Pale ambapo ukimya ulitokea mahali pale pale mara tatu, alikubali kwamba huenda ndipo kilipo kipande kisicho na umeme. Aliponionyesha daftari lake, nilijiambia kwamba nimesimamia tasnifu za uzamili zenye ushahidi mdogo kuliko ule.

Sitaki kuwaonea watumishi wa umma, ambao wengi wao husoma hapa na wana sababu zao. Miundombinu ya umeme ina mambo yasiyopaswa kutangazwa. Habari za wizi wa nyaya za reli tumezisikia, na mtu mwenye dhamana hulazimika kujihadhari. Lakini nguzo inayoonekana na kila abiria kutoka dirishani si siri. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inatambua haki ya mwananchi kupata taarifa, na tangu mwaka 2016 tuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Yule mzee wa mapokezi hakuvunja sheria kwa ubaya. Naamini alidhani kwamba swali lenye uzito haliwezi kutoka kwa mtu anayetengeneza kitu cha kuchezea.

Gharama ya dhana hiyo tuliiona mapema. Siku za mwanzo za safari za Dodoma, treni ilikwama njiani kwa kukosa umeme, na Shirika la Reli likaeleza kwamba hitilafu ilisababishwa na wanyama, ngedere na bundi. Mitandaoni watu walicheka kwa siku kadhaa. Wengine walikasirika, wakadhani wanafanywa watoto. Mimi sikucheka, na sababu ni hizi simuleta. Mnyama akigusa kwa pamoja waya wenye kilovoti 25 na chuma kilichoungwa na ardhi, umeme hupita mwilini mwake, swichi za ulinzi hukata njia, na treni hubaki bila nguvu. Hutokea katika reli za umeme duniani kote. Maelezo yale hayakuwa ya ajabu. Yalisikika ya ajabu kwa sababu yaliwafikia watu ambao hawakuwahi kuelezwa kitu kingine chochote kabla yake. Walikuwa wameonyeshwa treni, pua yake, viti vyake, mwendo wake wa kilomita 160 kwa saa. Hawakuonyeshwa inavyofanya kazi. Taasisi inayozungumza na wananchi siku ya uzinduzi na siku ya hitilafu tu isishangae ikikosa kuaminiwa siku ya hitilafu.

Katika simuleta nzuri, hitilafu ya namna hiyo haina mlipuko wala moto. Sindano ya msongo inashuka hadi sifuri, mafeni yananyamaza, na dereva anabaki akiitazama njia iliyo wazi mbele yake. Anayejua maana ya sindano ile hana haja ya kubuni hadithi.

Lipo pia jambo ambalo hakuna mtunga programu anayeweza kulionyesha juu ya paa la kichwa cha treni ya umeme, nalo ni mahali ulipo moshi wake. Umeme wa gridi yetu hutokana zaidi na maji na gesi asilia. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Mitambo ya Kinyerezi huchoma gesi. Treni inayopita Ngerengere bila kuchafua hewa ya Ngerengere inategemea mto, gesi, na watu wanaoishi kando ya mto huo na karibu na visima hivyo. Huko Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya stesheni na ya mgodi, reli ilianza kuwekewa umeme mapema miaka ya 1950, kwa nguvu ya mabwawa yaliyojengwa kwa ajili ya shaba. Waya ulikuwa safi. Mpango mzima wa kikoloni uliokuwa nyuma ya waya haukuonekana kutoka dirishani. Wanaharakati wanaoisifu au kuilaumu treni ya umeme wanafaa kuufuata waya hadi mwisho kabla ya kutoa hukumu.

Kwa nini basi niyaandike haya katika ukurasa wa siasa na jamii? Kwa sababu maisha yetu ya umma yamejaa cheche zinazomulika kila baada ya sekunde kadhaa, jua na mvua, bila kufungwa na chochote. Jiwe la msingi huwekwa, utepe hukatwa, takwimu ya asilimia hutajwa jukwaani, tume huundwa. Kila moja inaweza kuwa dalili ya kazi halisi, na kila moja inaweza kubandikwa juu ya paa la kichwa cha treni kisichovuta kitu. Njia ya kutofautisha ni ile ile anayoitumia mtunga programu makini: kuuliza imefungwa na nini. Mzigo ukibadilika, je, nayo inabadilika? Ikiondolewa, kuna sindano yoyote itakayosogea?

Kwa wenzangu walio ofisini, pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Chapisheni kijitabu cha kurasa chache, kwa Kiswahili, kinachoeleza namna treni ya umeme inavyopata nguvu, kwa nini viyoyozi hunyamaza kidogo njiani, kwa nini waya haukunyooka, na nini hutokea mnyama anapougusa. Yaliyo ya siri yaacheni nje. Treni hii tumeijenga kwa kodi na kwa mikopo ambayo wanafunzi wa leo ndio watakaoimalizia kuilipa, na mtu anayelipa deni ana haki ya kujua kilichonunuliwa kinafanyaje kazi. Na kijana akija na barua kuuliza kimo cha waya, mjibuni, hata kama ni kwa ajili ya gemu.

Yule mwanafunzi amekwishafika Ruvu. Juzi alinitumia kipande cha video: treni inatoka Pugu usiku, taa za behewa zinamulika nyasi, waya unatembea kushoto na kulia juu ya kaboni, na mahali fulani sindano inashuka na kupanda tena. Paa bado halina cheche. Ameniambia ataziweka siku atakapojua zinatoka wapi.